Kamati ya Nyota Isiyojulikana

Kwetu Morogoro jambo halijawa jambo mpaka liundiwe kamati. Ndivyo utafiti wangu wa uzamivu ulivyopata mwenyekiti, mweka hazina na sare ya kitenge, wakati mimi mwenyewe sijapata jibu.

Chanzo ni mama. Aliniuliza nasomea nini hasa, nikamweleza kwamba kuna doa angani linalotoa mionzi ya gama. Satelaiti inaliona, ila hakuna anayejua ni kitu gani. Huenda ni pulsa, yaani mabaki ya nyota iliyokufa, yanayozunguka kwa kasi na kurusha mionzi kwa mapigo, kama moyo. Nikiyaona mapigo hayo kwenye data, nitakuwa na uhakika. Mama akalitangazia kundi la WhatsApp la ukoo. Ile "huenda" sijui aliiacha wapi. Habari ilipowafikia wajomba kule Dumila, nilikuwa nimeshagundua nyota, na imeshapewa jina la marehemu baba. Nilijaribu kusahihisha, wakaniambia niache unyenyekevu, wakaunda kamati ya sherehe ya kunipongeza.

Siku ya sherehe ukumbi wa Kihonda ulikuwa umepambwa, na ndugu wameteremka kutoka milimani na mikungu ya ndizi. Asubuhi hiyohiyo kompyuta ilimaliza kuchambua data. Hakuna mapigo. Hilo halimaanishi kwamba doa si pulsa. Maana yake ni kwamba bado hatujui. Nenda kamweleze hivyo mwenyekiti wa kamati. Alinisikiliza kwa makini, kisha akasema keki ya umbo la nyota imeshafika.

Nikamvuta mama nyuma ya ukumbi, nikamwambia ukweli. Akatazama angani.

"Kwa hiyo jina la baba yako halipo huko juu?"

Nikasema halipo, na hata ningepata mapigo lisingekuwepo, kwa sababu vitu hivi hupewa namba tu. Iliniuma kuliko kufeli mtihani wowote.

Alijifunga kitenge vizuri, akaingia ndani, akachukua kipaza sauti mkononi mwa MC.

"Mwanangu kaniambia hajui lile doa ni nini," alisema. "Huyu nimemzaa mwenyewe, nikamlea. Tangu aanze kuongea, leo ndiyo mara ya kwanza namsikia akikiri kuna kitu asichokijua. Baba yake alikuwa anaisubiri sana siku hii. Haya, tuleni."

Wajomba ndio waliocheka zaidi. Mimi nilikata keki huku machozi yananitoka.