Maziwa Yaliyoamshwa

Mume wangu alikuwa mkamuaji katika shamba la Mzungu mmoja upande wa Hombolo, enzi za Mwingereza. Ng'ombe wa pale walianza kutupa mimba, kisha wakamuaji wakashikwa na homa ya kuondoka na kurudi, viungo vinauma kama vya wazee. Bwana mifugo akaja akasema wazi: msishike ndama waliotupwa kwa mikono mitupu, na maziwa mabichi msiyatie mdomoni.

Kuchemsha nilikujua tangu shule ya misheni. Lakini mume wangu alionja maziwa ya pale shambani niliyochemsha mimi akakunja uso, ya mke mwenzangu akayanywa mpaka tone la mwisho. Naye mwenzangu alikuwa akichemsha, moto niliuona kwa macho yangu. Hata mwanangu, ambaye ndiyo kwanza anatambaa, akikiona kibuyu cha yule ananiacha na kikombe changu mkononi.

Wivu uliniuma, sisemi uongo. Nikadhani siri ni moshi aliofukizia kibuyu chake ili maziwa yanukie. Nikafukiza changu vilevile. Hawakukitaka.

Asubuhi moja niliingia jikoni kwake bila hodi. Maziwa yalikwisha kuchemka na kupoa, yako kwenye kibuyu. Akachukua kata, akachota mabichi ndooni, akamiminia humohumo.

"Dada, unafanya nini?"

"Nayaamsha," akasema. "Yakichemka yanalala. Wewe msomi hukufundishwa? Ndiyo maana bwana anayanywa yako kama dawa ya minyoo."

Nilikinyakua kibuyu nikamwaga yote mlangoni. Kwetu maziwa hayamwagwi. Mume wangu akatoka amejifunika shuka, homa inamtetemesha.

"Unamwaga maziwa kwa wivu?"

"Kwa wivu, ndiyo. Na hiyo homa inayokurudia kila mara unainywa humu. Mtoto naye anainywa."

Nilingoja mwenzangu anitukane. Hakunitukana. Alimwinua mtoto, aliyekuja akitambaa nyuma yangu, akamshika shingoni kwa mgongo wa mkono, akitafuta joto, akarudia tena kwenye paji la uso. Joto halikuwapo. Ndipo akabandika sufuria nyingine mbele yangu, maziwa yakaumuka, akayaacha yapoe. Kata hakuigusa.

Mtoto alikunja uso kwanza, kisha akanywa. Akanywa akiwa kwenye mapaja ya mwenzangu, si yangu, ameshika kidole chake. Nikamwacha anywe ashibe, roho inaniuma.