Viti Vilivyotangulia Wageni

Shemeji yangu, mjane wa kaka yangu, anafua nguo za watu. Mtaani wanamwita Mama Povu, na jina hilo halimkasirishi. Husema afadhali kuitwa povu kuliko kuitwa uchafu unaotolewa na povu. Mimi ni seremala. Tunakaa ua mmoja, chumba changu kimepakana na chake yeye na watoto wake, naye huniita Shemeji Kimya kwa sababu mbele za watu maneno hunikwama kooni. Lakini habari zake naweza kuzieleza, maana miaka mingi nimeinama kwenye randa yangu naye ameinama kwenye beseni lake, tukitazamana.

Nguo humwambia mambo ambayo wenyewe hawasemi. Atainua shati, aangalie ukosi, atikise kichwa. "Huyu bwana ana mawazo, Shemeji. Jasho la mawazo halitoki kwa mkono mmoja." Akikuta shuka safi kupita kiasi, atacheka peke yake. "Hawa wamegombana. Mmoja analala kwenye kiti." Akishafua, akaanika na kukunja, huzipeleka kwa mpiga pasi wa pale kona, na huyo ndiye anayeonana na wenye nguo na kupokea sifa. Malipo ya kunyoosha shati ni makubwa kuliko ya kulifua, ijapokuwa kazi ngumu ni ya kulifua. "Mimi nazaa," Mama Povu alikuwa akisema, "yeye anambeba mtoto kumpeleka kwa babu yake."

Sabuni ilikuwa imemla mikono. Katikati ya vidole ngozi ilipasuka, ikafunga usiku, ikapasuka tena asubuhi alipogusa maji. Watu wakimsalimu alitoa kifundo cha mkono, kama mtu mwenye mikono iliyolowa, nao wakadhani ni maji tu. Muuguzi alimwambia wazi kwamba asipotoka kwenye maji, vidole vile vitakuja kukataa hata kushika kijiko. Alirudi nyumbani akaniambia, "Amesema nipumzishe mikono. Sikumuuliza kama tumbo nalo atalipumzisha yeye."

Kwa hiyo iliposikika kwamba kuna watu wa mradi wanaotembelea kaya zenye hali ngumu, wakizipa kifaa cha kazi, wote tulimfikiria yeye. Katika mkutano wa mtaa yalitajwa majina matatu: Mama Povu, bibi mmoja jirani yetu anayeishi na wajukuu, na kinyozi wa nyumba ya nyuma. Mwenyekiti wa mtaa akatueleza kwamba wageni watakuja kuona nyumba zote tatu, kisha watachagua. Mama Povu alijua atakachoomba: pasi kubwa ya mkaa na meza yake. Apige pasi, afue mwingine. Mikono ikae kavu.

Asubuhi ya wageni alikuja mlangoni kwangu kabla sijafungua karakana.

"Shemeji, vile viti vinne umevimaliza?"

"Vina wenyewe."

"Kwani wageni watavila? Watavikalia tu."

Vilikuwa viti vya bibi harusi mtarajiwa, nimevipaka vanishi juzi yake, na mbao zilikuwa bado hazijakauka sawasawa. Nilitaka kumwambia hivyo. Nilipopata maneno, viti viwili vilikuwa vimeshaingia kwake.

Yule bibi jirani akaleta chupa ya chai, ile yenye maua na bonde dogo begani, ambayo uani kwetu ndiyo chupa ya pekee, na bilauri sita. "Mficha maradhi, kifo humuumbua," alimwambia Mama Povu, huku akiifuta chupa kwa upindo wa gauni lake ing'ae. "Hawa wanakuja kuona shida. Wewe unawawekea karamu."

"Sasa Mama, mgeni aje nimkalishe chini?"

"Mimi nimesema tu. Bilauri usizigonganishe."

Halafu Mama Povu akaenda kwenye kamba. Akachagua katika nguo za watu kitambaa cha meza chenye nakshi ya kufuma, mapazia mawili ya mama mmoja wa ofisini, na shuka jeupe lisilo na doa, la kutundika ukutani. Mabeseni yake, jiko, mkeka uliochanika na godoro lililochoka vyote vilihamia chumbani kwangu, hata nikakosa pa kukanyaga. Alipomaliza, alisimama mlangoni akakitazama chumba chake kama mtu aliyepotea njia. Kilikuwa kizuri. Niliona kwamba kwa muda kidogo amesahau kwa nini amekipamba.

Wageni walikuwa wawili, dada mmoja wa makamo ya binti zetu, mwenye sketi ya buluu na viatu vyenye vumbi, na mzee mwenzake aliyevaa miwani. Wakakaa. Chai ikamiminwa. Mimi nilisimama nje karibu na dirisha.

"Mama, siku nyingi mnakula mara ngapi?" dada aliuliza.

"Tunashukuru."

"Watoto wanalala na njaa?"

"Mtoto hashibi, mwanangu. Ukimuuliza atakwambia ana njaa hata mdomo ukiwa umejaa."

Dada akacheka. "Na kwa upande wako, unapungukiwa na nini hasa?"

Hapo ndipo pasi ilipotakiwa kutajwa. Nilimsikia Mama Povu akivuta pumzi. Mikono yake aliificha chini ya kitambaa kile cha nakshi. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu aliyelelewa vizuri, "Hatujambo. Karibuni chai, inapoa."

Yule mzee akatazama mapazia, akatazama shuka, akamwambia mwenzake kwa sauti ya chini, "Hapa pana nafuu." Wakainuka, wakashukuru. Mama Povu akawasindikiza mpaka njiani, akarudi uso umemshuka. "Nimeshindwa, Shemeji," alisema. "Neno lilifika hapa." Akagusa koo.

Yule bibi alikuwa ameshaingia kwa mlango wa nyuma. "Viti! Haraka, wanakuja kwangu! Mnataka wakalie mapaja yangu?"

Mwenyekiti wa mtaa, aliyeona mambo yalivyo, akawashika wageni njiani na kuanza kuwaeleza habari za mtaro ulioziba, ulizibwa na nani, na tangu lini. Mimi na kinyozi tukapita nyuma na viti vichwani. Mama Povu alikuja na kitambaa cha nakshi begani. Chupa ilifika mwisho, ikawekwa mezani wakati hodi inapigwa mlango wa mbele. Yule bibi akawakaribisha kwa madaha ya mke wa waziri. Alipoulizwa anapungukiwa na nini, naye aliyekuwa akitoa methali asubuhi, alijibu kwamba Mungu ni mwema na wajukuu ni wanene. Mzee wa miwani akasema tena, "Hata hapa pana nafuu," ila safari hii aliitazama ile chupa kidogo kabla ya kunywa.

Viti na chupa vikapitishwa tena njia ya nyuma, lakini kwa kinyozi ndiko tulikoumbuka.

Dada alikuwa anataka kukaa. Akasita, akainamia kiti, akabandua kitu kwa kucha. Vilikuwa vinyuzi vya buluu, vimenasa kwenye vanishi. Akageuza sketi yake akaitazama kwa nyuma. Palikuwa na doa la rangi ya asali.

"Kaka," alimwambia kinyozi, "hiki kiti mimi na yeye tumeshakutana."

Kinyozi, anayewanyoa watu akiongea bila kituo, siku ile aliishiwa maneno. "Ni pacha," alisema.

"Na hii chupa yenye bonde?"

"Nayo... ilizaliwa pacha."

Dada akacheka mpaka akaweka bilauri chini. Mzee wa miwani naye mabega yakaanza kutikisika. Kisha dada akafuta macho, akauliza taratibu, bila dharau, "Viti hivi vinalala wapi?"

Kinyozi akanyoosha kidole. Nilikuwa mlango wa nyuma, na kiti cha nne kichwani.

"Kwangu," nilisema. "Na hata kwangu si vyangu." Kwa sababu nilikuwa nimeshaanza kusema, nikaendelea kidogo. "Pale kwa shemeji yangu, nawaomba mrudi. Hakuwajibu. Aliwakaribisha tu."

Walirudi. Mama Povu hakuwa amepata muda wa kuchukua vitu vyake chumbani kwangu, kwa hiyo chumba kilikuwa kitupu, isipokuwa kimeza, na yeye ameketi sakafuni akikunja mapazia ya yule mama wa ofisini. Alipowaona mlangoni akasimama, akatafuta kwa macho kitu cha kuwakalisha, akakosa. Uso wake siku ile sitaki kuueleza.

"Sina pa kuwaweka," alisema.

"Tutasimama, Mama," dada alimjibu. "Kwa nini hukusema?"

"Niseme nini, mwanangu? Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sasa mgeni umemfungulia mlango, ameketi, ndiyo umwambie una njaa? Mgeni unampa kilichopo. Kisipokuwepo unaazima. Ndivyo tulivyofunzwa." Halafu akaona doa kwenye sketi. "Ole wangu! Hilo linataka mafuta ya taa, usilitie maji kabisa. Vua nikutolee."

"Waonyeshe mikono, mwanamke!" yule bibi alipaza sauti kutoka uani. Alikuwa amekuja kufuata chupa yake. "Sketi ya mtu itasubiri!"

Mama Povu aliweka mapazia chini. Kisha akanyoosha mikono yote miwili, viganja juu, kama mtoto anayekaguliwa kucha. Dada aliishika kwa chini, kwa vidole vyake, polepole, kama mtu anayepokea kitu kinachovunjika.

Nikaenda kuleta beseni, nikaligeuza, na mzee wa miwani akakaa juu yake. "Tuanze upya, Mama," alisema. "Mnakula mara ngapi?"

"Siku nzuri mara mbili. Siku nyingine chai peke yake."

Nilikuwa mlangoni. Ndugu msomaji, mimi na yule mwanamke tunatenganishwa na ukuta ambao ukikohoa upande huu, upande wa pili wanakupa pole. Watoto wake walizoea kuja kwangu jioni ninapoinjika sufuria. Walikaa kimya, wakila nami. Nilidhani wanakuja kunisikiliza, mimi nisiye na hadithi hata moja. Kumbe zile zilikuwa siku za chai peke yake, na mama yao aliwatuma wakamsalimu baba mdogo.

Alipoulizwa anataka nini, safari hii alijibu kabla neno halijakwama. "Pasi ya mkaa. Nitoke kwenye maji."

Kifaa kilikuwa kimoja tu kwa nyumba zetu tatu, na kilikwenda kwake. Kinyozi alinuna siku mbili. Yule bibi alisema waziwazi kwamba ameumia, maana naye alitaka kuku wa mayai kwa ajili ya wajukuu, kisha akasema kama kilikuwa kimoja basi kimefika kinapostahili. Bado nalifikiria hilo la kuku. Hakuna aliyekosea, ila wajukuu wale nao wanakula mara moja kwa siku.

Meza niliitengeneza mimi, mbao nene, urefu wa kiuno chake ili asiiname tena. Niliiacha ikauke sawasawa. Kufua amempa binti wa mtaa wa pili, wanagawana malipo, na amemkataza kutumia sabuni kali bila mafuta mkononi. Mikono yake haijarudi kuwa ya mtu asiyefua. Lakini asubuhi anaamka haijapasuka.

Siku ya kwanza kuwasha pasi alikataa kuanza na nguo za wateja. "Kwanza nijifunze kwa mtu asiyejua kulalamika," alisema, akanivua shati langu la kazi lenye unga wa mbao, akalikung'uta, akalinyunyizia maji. Aliipitisha pasi polepole, ulimi nje kidogo, akinyoosha mkono mmoja baada ya mwingine, ukosi, mfuko, hata mahali palipotiwa kiraka. Kisha akanishikia nilivae, lina moto.

"Haya, Shemeji Kimya. Nenda ukatembee watu wakuone."

Sikuwa na mahali pa kwenda. Nilirudi karakana, nikaegemea mlango, na asubuhi ile nzima sikushika randa, nisije nikalikunja lile shati.