Jina Langu kwenye Wimbo wa Mathias

Mkasa huu nimeukalia kimya miaka miwili, na hata leo nikimwona mtu aliyekuwepo ukumbini siku ile navuka barabara nikajifanye naangalia bidhaa za duka la upande wa pili, kwa hiyo msinicheke upesi, au nichekeni tu lakini mnisikilize hadi mwisho, maana kilichoniumbua hakikuwa bahati mbaya, kilikuwa mdomo wangu mwenyewe.

Mnanijua, Nasoro wa mtaa wa Mtendeni, baba yangu anauza vitambaa, babu yangu aliuza vitambaa, na mimi ndiye niliyeutia ukoo doa kwa kununua gitaa la umeme. Bendi yetu iliitwa Mizinga na tulikuwa watatu tu: mimi gitaa na kuimba, Theresia ngoma (alianzia kwaya ya kanisani kwao, wakamwomba kwa upole apunguze nguvu, akaja kwetu), na Mathias besi. Mathias alikuwa Mmoraviani wa Sikonge, kwao wanalima tumbaku na kurina asali, mtu mpole ambaye ukimkanyaga anakuomba radhi yeye. Tulipiga roki ile nzito yenye bluzi ndani yake, yaani gitaa linaanza kulia taratibu kama mtu aliyefiwa, halafu ghafla linapandwa na hasira. Majirani walisema tunafuga mashine ya kukoboa iliyokosa grisi. Mathias alikuwa akisema muziki huu wala si mgeni, kwao watu wakifiwa wanalia hivyo hivyo, ila hawana spika.

Albamu yetu ya kwanza tuliiita Vumbi la Njia, kwa ajili ya ile njia ya zamani ya misafara iliyopita hapa kwetu kwenda pwani. Ilikuwa na nyimbo tisa. Nane nilitunga mimi na ni za kawaida tu, nakubali. Wa tisa, Nani Atapanda, ulikuwa wa Mathias, na huo ndio uliokuwa wimbo. Beti za Kiswahili niliimba mimi, na katikati aliimba yeye kwa Kinyamwezi, sauti ya chini, gitaa likinyamaza kumpisha. Kinyamwezi changu ni cha salamu na cha kuuza kanga, hakifiki mbali. Tulipiga pamoja miaka sita, na sikuwahi kumwuliza maneno yale yana maana gani.

Sasa sikilizeni nilivyojichimbia shimo. Siku moja mtengeneza jalada akanipigia simu, anataka kujua nyuma aandike nani ndiye mtunzi, na anataka jibu palepale kwa sababu kazi inakwenda kuchapwa. Mathias alikuwa kwao anafunga tumbaku, simu yake haikupatikana (nilijaribu mara moja, sikujaribu ya pili), nikamwambia yule bwana andika nyimbo zote Nasoro, tutarekebisha toleo lijalo. Nikakata simu, nikaendelea kunywa chai.

Hazikupita wiki mbili, Mathias akateleza na pikipiki kwenye barabara ya udongo akitoka kijijini, mvua ilikuwa imenyesha, na akafariki kabla hawajamfikisha hospitali. Nilikwenda kuzika. Nililia kuwapita ndugu zake, nikamshika mama yake mikono yote miwili nikamwambia mama, jina la Mathias halitapotea, mimi nipo. Nikarudi mjini nikakuta maboksi ya CD yamefika, na nyuma ya jalada, mahali pa mtunzi, kuna jina langu peke yake. Halafu nikajiambia, marehemu hasomi. Ndivyo nilivyojiambia, Mungu anisamehe. Theresia alipoliona lile jalada aliniuliza, nikamjibu ni kosa la mchapaji, tutalitangaza siku ya uzinduzi, naye akaniamini.

Uzinduzi ulikuwa Jumamosi alasiri, na sikutegemea watu wale wote, wengine walitoka hadi Igunga. Hata baba yangu alikuja, kwa mara ya kwanza, kavaa kanzu yake ya Ijumaa, kakaa mstari wa nyuma karibu na mlango ili ikizidi aondoke. Tuliazima mpiga besi, na kwenye kipande cha Mathias tukaweka sauti yake tuliyoirekodi. Ilipotoka kwenye spika nikaona watu wanajifuta macho.

Tulipomaliza, mshereheshaji akapanda jukwaani akanikumbatia, akaniuliza kwenye maiki kama wimbo huu nimeutunga mimi. Watu wakaanza kupiga makofi kabla sijajibu. Makofi yale yalikuwa matamu, jamani, sikuwahi kupigiwa vile maishani.

"Ndiyo," nikasema. "Ni wangu."

Akaniomba niwafafanulie. Basi nikaanza, kwamba ni habari ya msichana aliyeniacha akapanda treni ya Kigoma, nami nikabaki stesheni najiuliza nani atapanda treni inayofuata. Upande wa kulia, walikokaa wanaoelewa Kinyamwezi, wakacheka. Nikadhani wamefurahi, nikaongeza chumvi, nikasema hata kitenge alichovaa kilitoka dukani kwetu. Wakacheka zaidi, kisha kicheko kikakatika chenyewe, nikaona wanatazamana. Mshereheshaji naye akawa kama mtu aliyekanyaga pasipokanyagwa, akauliza kuna mzee yeyote hapa wa kututafsiria kile kipande cha Kinyamwezi.

Mstari wa mbele akasimama mama mmoja aliyejifunika kitenge. Alikuwa mama yake Mathias. Theresia ndiye aliyemleta kutoka Sikonge na kunificha, alitaka niwe na furaha ya kumtaja Mathias mbele ya mzazi wake.

Alipewa maiki akaishika mbali na mdomo, lakini ukumbi ulivyokuwa kimya alisikika.

"Hakuna treni hapo," alisema. "Hayo ni maneno yangu. Baba yake Mathias alipanda kurina asali, tawi likakatika. Mizinga ikabaki juu. Nikakaa pale chini nauliza, sasa nani atapanda. Mathias alikuwa mdogo, amenishika nguo. Ndiyo akayatia humo."

Pale ningeweza kupiga magoti, ningeweza hata kuzimia. Mimi nilisogeza mdomo kwenye maiki nikasema, "Lile jina ni kosa la mchapaji."

Hakuna aliyekuwa ameuliza habari ya jina. Walionunua CD wakaanza kuzigeuza kusoma nyuma, na mpaka leo ninausikia ule mlio wa majalada yanayogeuzwa ukumbi mzima. Theresia akaweka vijiti vyake juu ya ngoma, akashuka, akaenda kukaa karibu na yule mama. Nami, kwa akili zangu zile, nikaona niokoe jahazi kwa kuanzisha wimbo mwingine, nikapiga noti tatu, mpiga besi wa kuazima akanitazama, hakugusa hata uzi mmoja. Nikaacha. Watu wakaanza kutoka. Nilipotazama nyuma, kiti cha baba kilikuwa kitupu.

Mama Mathias alipita mbele yangu akielekea mlangoni, nami nikasema, "Shikamoo mama."

"Marahaba," akaitikia, kwa sababu ni mtu mwenye adabu zake, na akaenda zake.

Baada ya wiki moja nilikwenda Sikonge, nikashuka basi nikaazima baiskeli hadi kwake. Nilimkuta anachambua majani ya tumbaku. Akanipa kigoda, akanipa maji, nikaomba msamaha huku natazama chini, nikamwahidi kwamba tutachapa upya na jina la Mathias litakuwa kubwa kuliko la bendi.

"Msamaha nilishakupa, mwanangu," alisema. "Wimbo nirudishie."

Nikamwambia lakini mama, sauti ya Mathias imo humo. Akaniambia anajua. Mathias alimwomba yale maneno, naye akamruhusu, na Mathias hayupo. "Wewe hukuniomba."

Nikarudi, nikauondoa wimbo mtandaoni, nikakusanya CD nilizoweza kuzipata, na tulipoufuta kwenye kompyuta ya studio Theresia alikuwa kasimama mlangoni ametupa mgongo. Nakala moja niliiweka kwenye kadi ya redio ndogo nikampelekea Mama Mathias. Aliiwasha tukiwa uani, akamsikiliza mwanawe hadi mwisho, akaizima, akaingia nayo ndani. Nilingoja pale kwenye kigoda muda mrefu, nikitumaini atatoka aiwashe tena. Hakutoka nayo.

Siku hizi Vumbi la Njia ina nyimbo nane, na wanaoisikiliza wananiambia ni nzuri ila kama kuna kitu kinapungua. Nawaambia ni kweli. Nimeapa kwamba kitu kisicho changu, hata niulizwe nikiwa na haraka, hata watu wawe wamesimama wananipigia makofi, nitamtaja mwenyewe kwanza. Siku ile nilitakiwa kusema "ni wa Mathias" tu, basi, na rafiki yangu angekuwa bado anasikika.