Mkono Usiosikia Moto

Nakumbuka siku moja huko Mambrui, mwanangu, kabla ya vita vya Mjerumani, nilipoivunja nazi kiganjani kwa upanga, kama tulivyozoea sote. Upanga ukateleza, ukanikata kifundo cha mkono wa kushoto. Jeraha lilipona, lakini kidole gumba, cha shahada na cha kati vilibaki vimekufa ganzi. Hata sindano nilikuwa siwezi kuishika isianguke.

Ujinga wangu ni kwamba nilifurahi. Kwenye mapishi ya harusi nilifunua masufuria ya moto bila kitambaa, wanawake wakanisifu kuwa nina mkono wa chuma. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nikawa nafunua hata yasiyotaka kufunuliwa, na malengelenge nikiyaona kesho yake tu.

Kisha nikajifungua mtoto wa kiume. Shangazi yangu, Mwana Amina, akaja kunilea arobaini. Asubuhi moja nilimpakata mtoto kwa mkono wa kulia, nikatia vidole vya kushoto katika maji ya kumwogesha, nikaona yako sawa. Namteremsha hivi, shangazi akachovya kiwiko chake, akakitoa mbio.

"Hebu lete mtoto," alisema. "Haya ni maji ya kupikia wali."

Alipomlaza, aliniambia nifumbe macho, akanigusa vidole kwa unyoya wa kuku.

"Nimegusa kipi?"

Nilibahatisha, nikakosa.

"Wamekusifia kilema, nawe ukashukuru," alisema. "Maumivu ndiyo yanayomwondoa mtu motoni. Wewe huna, basi tumia macho, na uulize wenzio."

Nililia siku ile, mwanangu.

Sasa nimechoka, na mkono wenyewe ndio huu, umekonda chini ya gumba, hata kifungo unanifungia wewe. Nisingesema kitu, ila jana nimekuona, na kidonda chako cha kisu, ukiokota kaa la moto ukicheka. Usicheke. Kiungo kikifa ganzi, sema mapema, utazamwe. Na moto upime kwa mkono ulio mzima.

Mtoto yule ndiye baba yako, anayekoroma hapo ukumbini. Mola akujalie mikono inayosikia, na pale isiposikia, akupe mtu wa kukupokonya mtoto kabla maji hayajamgusa.