Neno Lililokatika Murungu

Mwaka 2014 nilitumwa kutoka Kasulu kwenda Murungu, wilayani Kibondo, kufunga antena kwenye zahanati isiyo na daktari. Muuguzi wa pale, Sista Dativa, alitakiwa aweze kuonana na daktari wa Kibondo mjini kwa kompyuta.

Tuliondoka asubuhi, mimi na dereva Hamisi. Mvua ilikuwa imenyesha usiku. Udongo mwekundu uliteleza, na kwenye miinuko Hamisi alipanda kwa gia ya kwanza.

Murungu tulifika mchana. "Mwakeye!" nilisalimia kwa Kiha changu cha kubahatisha.

Dativa akacheka. "Hiyo ni ya asubuhi, fundi. Karibu."

Nilipowasha mtambo tu, mgonjwa wa kwanza alikuwa mlangoni: Oliva, aliyejifungua wiki iliyopita, ameegemea bega la mama mkwe wake. Mguu wake mmoja ulikuwa umevimba sana.

"Namkanda maji ya moto kila siku," alisema mama mkwe, "lakini uvimbe haushuki."

Daktari akatokea kwenye kioo cha kompyuta. Alimwelekeza Dativa asogeze kamera, aubonyeze mguu hapa na pale. Ghafla picha ikakwama, sauti ikakatika, tukaambulia mwisho tu: "...mkande tena."

"Si mmesikia?" Mama mkwe akainuka kwenda kuinjika maji.

"Subiri kwanza, mama," Dativa akamzuia. "Fundi, sikumsikia vizuri. Turudishie mtandao."

Nilipanda ngazi, nikaigeuza antena taratibu hadi Dativa akaita, "Hapo hapo!" Kupitia dirishani nikamsikia daktari, safari hii neno zima: "Msimkande tena! Huenda damu imeganda kwenye mshipa. Ikibanduka itakwenda mapafuni. Mleteni leo hii."

Mama mkwe akaketi, akiitazama mikono yake. "Kumbe nilikuwa namuumiza."

"Ulikuwa unamtunza, mama," Dativa akamwambia. "Sasa twende tumtibu."

Jioni tuliingia Kibondo, Oliva amelala kiti cha nyuma cha gari letu, mama mkwe amempakata mtoto. Daktari alitupokea mwenyewe. Kesho yake tulirudi Kasulu, na baada ya wiki kadhaa Dativa akanipigia simu: Oliva yuko nyumbani, anatembea.

Zamani, picha ikionekana tu, nilikuwa nakunja nyaya zangu na kuondoka. Tangu Murungu, siondoki mpaka muuguzi ayarudie maneno ya daktari, na daktari naye aitikie, "Ndivyo nilivyosema."