Hewa Niliyoibana Sur

Riyali arobaini na tatu na baisa mia sita. Nimehesabu mara mbili, petroli imo, halwa ya kumpelekea mama imo, na kandambili mpya nilizozisahau ufukweni nazo zimo. Hiyo ndiyo gharama ya mtu wa miaka hamsini na mbili kushushwa chini ya bahari na kurudishwa.

Sababu ni binti yangu, Thuraya. Alijifunza kupiga mbizi kwa mtungi wa hewa alipokuwa akisoma ng'ambo, na sasa kapata kazi Sur, mji wa pwani: kuhesabu samaki na matumbawe humo humo majini. Jibu lilitakiwa Jumamosi, naye hakutaka kujibu bila ya idhini yangu. Nikamwambia siidhinishi nisichokiona.

"Basi twende ukakione, baba."

Nikanasa.

Alfajiri ya Alhamisi tukatoka Nizwa, yeye kashika usukani. Birkat al Mauz migomba ilikuwa bado imelala. Izki taa za maduka zikizimwa moja moja. Bidbid, barabara ya Sharqiyah inapochepuka, tukanywa chai ya maziwa. Nilipigania punguzo la baisa hamsini, nikalipata. Baada ya hapo milima ikawa inapita kandoni polepole, rangi ya majivu na waridi, nikasinzia nikaota kuwa nasinzia.

Saa nne Ibra, kwa mama.

"Shikamoo, bibi," Thuraya akamwinamia.

"Marahaba. Mnakwenda wapi na halwa nzuri hivi?"

Tukamwambia. Akanimiminia kahawa mpaka nilipotikisa kikombe kuwa imetosha.

"Mimi bahari nimeivuka mara moja, kutoka Unguja, nami nilikaa juu yake. Juu kwenyewe sikupapenda. Huyu anataka chini?" Akakipokea kikombe. "Nendeni. Neno langu nalizuia mpaka mrudi."

Kwetu, bila ya neno la mama hata pazia halibadilishwi.

Adhuhuri ilipokwisha tulikuwa Sur, ufukweni, kwa Khalfan, mwalimu wa mbizi ambaye Kiswahili kakinyonya kwa mama yake.

"Punguza, sheikh," nikamwambia. "Mimi nashuka mita sita tu. Anayeshuka ishirini unamtoza ngapi?"

"Hewa bure, ami. Unalipia kurudi juu."

Nikalipa. Akanifunga mtungi, akanipa amri moja: nisizuie pumzi hata mara moja. Nivute, nitoe. Mtu akizuia kisha akapanda, mapafu hupasuka.

Tukashuka sote watatu. Chini nilikuta nuru kama ile ya asubuhi unayoiona ukiwa ndani ya chandarua, hujaamka sawasawa. Samaki wa manjano wakapita mbele ya miwani yangu bila ya haraka, wakageuka pamoja, wakarudi. Kasa alikuwa kalala juu ya matumbawe, kanitazama kwa jicho moja, kalifumba. Hapakuwa na sauti ila pumzi zangu. Nimeishi miaka yote hii, sijapata kufika mahali pasipo na mtu wa kumuuliza bei.

Nikatamani nisitoke. Nikatazama mshale wa kipimo cha hewa ya mtungi: unashuka. Mimi nimekulia dukani. Kitu kikipungua, nakibana. Nikavuta pumzi moja nene, nikakaa nayo. Ikaninyanyua taratibu, nami sina habari, naona kasa anakuwa mdogo tu.

Mkono ukanikamata. Thuraya akanivuta chini, akaniwekea kiganja kifuani, akanikazia macho mpaka mapovu yakatoka.

Juu, Khalfan kanyauka uso. "Mimi nilikuwa karibu zaidi," akasema. "Yeye kaona kwanza."

"Nilikuwa nahesabu mapovu yako, baba. Yakakatika."

"Ulihesabu mara ngapi?"

"Mara mbili."

Nikampa idhini pale pale, maji yakinichuruzika masikioni. Nimenunua vitu vingi maishani, na hewa ni cha kwanza ambacho faida yake ni kukiachia.

Ijumaa mchana, kurudi, mama tulimkuta kalala. Nikashukuru Mungu, tukaacha salamu, tukapita. Jumamosi Thuraya kapeleka jibu lake, bila ya kungoja neno la mama: ndiyo. Lakini Alhamisi ijayo nimeitwa Ibra kwa kahawa, kueleza. Kilichonifanya nikubali ndicho hicho hicho kitakachomfanya mama akatae. Nikikificha, kikombe cha pili hakifiki kabla hajakiona usoni kwangu. Ninyi wenye mama wa namna hii, nishaurini: nianzie kwenye mkono wa mjukuu wake, au kwenye ujinga wa mwanawe?