Fensi ya Farasi, Viazi vya Jirani

Farasi watatu wa shangazi yangu waliingia kwenye viazi vya jirani alfajiri ya Jumapili, na jua lilipochomoza liliwakuta wamesimama juu ya matuta, majani ya marando yakining'inia midomoni. Nilipofika kutoka Kiseke, ninakopanga chumba na kuandika hadithi zangu, ugomvi ulikuwa umeshapoa, ukabaki kumalizwa uani kwa mwenyekiti wa kitongoji.

Shangazi anakaa mbele ya Kisesa, kwenye njia inayoshuka kuelekea ziwani. Kwa miaka mingi alitunza farasi wa familia moja ya Kihindi, wafanyabiashara wa siku nyingi waliokuwa na shamba upande wa Buhongwa. Wazee wale walipohamia kwa watoto wao nje ya nchi, walimwachia wanyama waliobaki: majike wawili na dume mmoja aliyehasiwa. Tangu hapo, Jumapili na sikukuu huwapeleka ufukweni, watoto hupandishwa na kuzungushwa mchangani huku wazazi wakipiga picha. Ndiyo riziki yake na ndiyo furaha yake, na sijawahi kujua ipi inatangulia. Nimemwona akiwasugua mgongoni jioni, maji ya ziwa yakiwa na rangi ya shaba nyuma yake, akiongea nao habari za siku nzima kama anayeongea na dada zake.

Jirani ni mjane anayelea wajukuu. Marehemu mumewe na shangazi walikuwa wa ukoo mmoja, kwa hiyo wale wawili huitana wifi, na kama mawifi wengi wanaweza kutukanana asubuhi na kuazimana chumvi mchana. Lakini viazi havikuwa utani. Viazi vile ndivyo michembe yake ya mwaka, vipande anavyovikausha juu ya mawe na kuvihifadhi kwa ajili ya miezi ya njaa.

Uani pale kwa mwenyekiti, mjane huyo alisema maneno machache. "Mara moja tena tu, wifi. Wakikanyaga tuta langu mara moja tena, waondoke. Utajua mwenyewe pa kuwapeleka."

"Nimekubali," shangazi akajibu.

Nilimtazama kwa mshangao. Hapakuwa na pa kuwapeleka. Sote pale uani tulilijua hilo.

Kwetu mpaka hupandwa minyaa. Shangazi alikuwa na minyaa, ndiyo, lakini utomvu wake mweupe ukiingia jichoni unaunguza, na yule jike mkubwa, mwekundu kama udongo wa kichuguu, alikuwa ameshapofuka jicho la kushoto kwa kujikuna pale. Shangazi akaikata yote. Seng'enge hakutaka hata kuisikia. Aliwahi kuona farasi aliyeshtuka akajichana kifua nayo. Ndipo nikaanza kusoma kwenye simu habari za fensi za umeme zinazotumia jua: utepe mweupe mpana ambao farasi anauona kwa mbali, na mashine ndogo inayosukuma umeme ndani ya utepe ule kwa mapigo mafupi mafupi. Nguzo ya umeme iko mbali na kwa shangazi. Jua tunalo.

Jirani alipopata habari alikuja na jembe lake begani. "Umeme? Kwenye njia ya wajukuu zangu? Wifi, viazi mmekula, sasa mnataka na uzao?"

"Hauui, bibi," nikasema. "Unapiga mara moja, unaachia."

"Wewe umepigwa?"

"Bado."

"Basi nyamaza, mwandishi."

Shangazi alikuwa akifunga kwato ya dume kwa kitambaa. Hakuinua kichwa. "Panda gari kesho twende wote mjini," akamwambia. "Mashine utachagua wewe."

Kesho yake tulikuwa watatu mbele ya kaunta ya duka la pembejeo, katikati ya harufu ya dawa za kuogeshea ng'ombe na magunia mapya. Mwenye duka ni mzee wa Kihindi ambaye familia yake imeuza majembe Mwanza tangu kabla babu yangu hajazaliwa. Alimtazama jirani na kitenge chake kilichokunjwa vizuri, akamwamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu." Jirani akaitikia kwa lugha hiyo hiyo, kisha akanigeukia na uso wa mtu aliyepunguziwa bei.

"Mna ng'ombe wangapi?" mzee akauliza.

"Farasi," shangazi akasema.

"Punda."

"Farasi, baba."

Mzee akavua miwani. "Mwanza hii?"

"Hata mimi nilikuwa sisadiki," jirani akadakia. "Walipokuja kula kwangu, nikasadiki."

Mzee akaweka mashine tatu mezani. Ya kwanza ilikuwa kubwa kama sanduku la fundi. Alisema ni ya mashamba ya ng'ombe wengi, yenye nguvu ya kusukuma umeme mbali sana hata majani yakigusa waya. Shangazi alitikisa kichwa kabla mzee hajamaliza. Ngozi ya farasi, alisema, inasikia nzi akitua. Ng'ombe anahitaji kugombezwa. Farasi anahitaji kuambiwa. Tena ukimtisha kupita kiasi hakimbii kurudi nyuma, anakimbia popote, hata juu ya fensi yenyewe.

Zikabaki mbili. Moja ilinivutia mara moja: nyembamba, nyeusi, paneli na betri vimo ndani yake, haina sauti, ina kitaa kidogo cha kijani kinachopepesa kama kimulimuli. Nyingine ilikuwa boksi la rangi ya majani makavu, paneli yake imejitenga, betri yake imejitenga, na kila ilipopiga ilitoa mlio, ta, ta, ta, kama mtu anayegonga kijiti kwenye ukingo wa sufuria.

"Nioneshe inavyopiga," jirani akasema.

Mzee akaunganisha kipande cha waya, akakunja kidole, akaugusa kwa mgongo wa kidole. "Aish!" Mkono ukaruka.

Mwanawe, aliyekuwa akipanga makopo rafuni, akacheka. "Baba, kila mteja unajipiga. Utakuja kuzoea, uanze kuunywea chai."

Jirani hakucheka. Aliinamisha kichwa karibu na boksi lile baya, akafumba macho, akasikiliza.

"Hii," akasema.

"Bibi, hii nyeusi ni ya kisasa zaidi," nikasema. "Na haina kelele."

"Ndiyo maana siitaki. Mtoto anafukuza mpira, anaona utepe mweupe, anadhani ni mapambo ya harusi. Hii ataisikia, atasimama. Na siku ikinyamaza," akamnyooshea shangazi kidole, "nitajua farasi wako wako njiani."

Nilikuwa na hoja zangu zote tayari, za uzito, za wepesi wa kuifunga, na nikaziona zikipukutika moja moja. Mzee akaongeza kwamba betri ya nje ikichoka hubadilishwa peke yake, wakati ile nyeusi ikifa inakufa yote. Shangazi alikuwa akiliangalia boksi kwa namna nyingine.

"Mkubwa wangu ataisikia upande asioona," akasema taratibu.

Tukaichukua.

Tulisimamisha nguzo za mikaratusi, tukafunga vishikizo vya plastiki ili utepe usiguse mti, tukafyeka majani chini yake. Paneli tuliielekeza juu karibu kulala kabisa, maana jua letu hupita utosini. Mimi nilipewa kazi ya ethi: nondo inayozamishwa ardhini na kuungwa na mashine kwa waya. Nikaichagulia mahali pa karibu, kando ya banda ilipofungwa mashine. Ilizama kiasi cha mkono mpaka kiwiko, kisha ikagonga jiwe na kulia. Nikahama kidogo, ikagonga tena. Mwanza yote imekaa juu ya mawe. Nikaridhika na ule urefu wa kiwiko, nikawasha, na mlio ukaanza kusikika. Jirani alisimama kwenye njia nyembamba inayotenganisha mashamba yao, wajukuu wamejificha nyuma ya kitenge chake. Ilikuwa asubuhi safi, na upepo ulitoka ziwani ukiutikisa utepe ule mweupe mpaka uwanja mzima ukaonekana kama unapumua.

Yule jike mwekundu akaja. Akanyoosha shingo. Akaugusa utepe kwa pua.

Hakuna kilichotokea.

Akaugusa tena, akaulamba, akausukuma kwa kifua. Vishikizo vikafyatuka kimoja kimoja, na mnyama yule mkubwa akatoka kwa heshima zote, kama mama wa kanisani anayeelekea kwenye kiti chake cha mbele, akashika njia ya kwenye viazi. Shangazi alikimbia. Sijawahi kumwona akikimbia vile. Akampita, akageuka, akatanua mikono yake yote miwili mbele ya kile kifua chekundu, na farasi akasimama.

Mashine iliendelea kugonga kama kawaida.

"Inasema," jirani akasema, "lakini inasema uongo." Kisha akauliza, "Kwato ziko wapi?"

Shangazi alitazama chini. "Njiani."

Jirani akaja mwenyewe, akainama, akaangalia. Kati ya kwato na tuta la kwanza palitosha kulaza jembe. Niliona uso wake ukifikiria, na shangazi akimngoja bila kuomba chochote.

"Njiani," akakubali. "Lakini leo walale na kamba."

Mchana kutwa nilisoma kijitabu cha mashine, nilichokuwa nimekipuuza. Umeme ule, kilieleza, hutoka kwenye mashine, hupita kwenye utepe, huingia kwa mnyama, hushuka kwa miguu yake ardhini, na lazima urudi kwa kupitia ardhi mpaka kwenye nondo. Njia ya kurudi ikikatika, mnyama hasikii kitu. Na kiangazi kilikuwa kinaisha. Udongo wetu ulikuwa jivu juu ya mawe. Nikazunguka uwanja mzima na nyundo, shangazi nyuma yangu na nondo. Kila mahali, jiwe. Kila mahali, vumbi. Nilianza kuwaza jinsi nitakavyomwambia kwamba tumeshindwa, na sikupata sentensi hata moja.

Jirani alikuwa upande wake akikata marando. Alituangalia tulivyohangaika, kwa muda mrefu.

"Hiyo nondo inataka nini?" hatimaye akauliza.

"Udongo wenye maji, bibi."

"Mpaka kiangazi?"

"Hasa kiangazi."

Akaendelea kukata. Angeweza kuendelea kukata. Kukaa kimya tu kungetosha kuwaondoa farasi wale, wala hakuna ambaye angemlaumu. Maana penye maji kiangazi chote palikuwa mahali pamoja tu, na pasingeonekana kutoka kwetu: bonde dogo nyuma ya matuta yake, ambako maji ya chini hupita yakielekea ziwani, na ambako huotesha marando machache ya mbegu ili mvua zikianza apate cha kupanda. Mtu haruhusu mguu wa mgeni kwenye mbegu.

"Pale kwenye mbegu pana tope," akasema, bila kututazama.

Shangazi akashusha nondo. "Wifi. Pale?"

"Kwani inakula?"

Tukamfuata mmoja nyuma ya mwingine, tukikanyaga anapokanyaga. Nondo iliingia kama mwiko kwenye ugali. Tulipitisha waya ndani ya bomba la maji, tukalifukia chini ya njia, mpaka kwenye mashine. Kabla hajatuacha tuondoke, jirani alinionesha kichwa cha nondo kilichobaki nje.

"Shika wewe kwanza, mwandishi."

Nikashika, mashine ikiwa imewashwa. Nilisikia ubaridi wa tope, basi. Akanitazama machoni mpaka alipotosheka.

"Samadi nitakuletea," shangazi akamwambia.

"Hiyo sikuombi, wifi. Hiyo nadai."

Jike mwekundu akaachiwa. Alikwenda moja kwa moja pale alipotokea mara ya kwanza, akanyoosha pua. Safari hii alikoroma, akaruka nyuma kwa miguu yote, mkia juu kama bendera, akakimbia mpaka mwisho wa uwanja na kutugeuzia uso uliojaa malalamiko. Wenzake walimtazama, wakautazama utepe, wakarudi kwenye nyasi zao. Jirani alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akachuma unyasi mrefu, akaushika kwa ncha ya vidole, akaugusisha kwenye utepe. "Eh!" Akaruka, akacheka tena, akawaita wajukuu wake. "Njooni muisikie kwanza. Mmeisikia? Hiyo ikigonga, mpira ukiingia humo ni wa farasi."

Mvua zilianza baadaye kidogo. Nilikwenda asubuhi moja, ardhi ikinukia vizuri, ziwa likiwa limefunikwa na mvua ya mbali ya rangi ya kijivu. Jirani alikuwa kwenye tuta la mwisho, lile lililo karibu kabisa na njia, akichomeka marando mapya kutoka kwenye mbegu zake. Nyuma yake, ng'ambo ya utepe, jike mwekundu alikuwa akila nyasi, karibu kiasi kwamba nilimsikia akizing'oa. Jirani alikuwa ameinama, mgongo wake wote ukiwa kwa farasi, na mashine ikigonga, ta, ta, ta.

Nikafungua mdomo nimwamkie. Shangazi akanishika mkono.

"Mwache," akasema kwa sauti ya chini. "Tangu alfajiri hajageuka."